Nyota Isiyo na Jina

Hoja iliyo mezani: je, beji ya vita yaweza kujitetea yenyewe, au bila karatasi ya kuisindikiza ni kipande cha shaba tu kama vingine? Nimewaketisha watu watatu waibishanie. Sonara ni mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye maisha yake yote yamepita kati ya lehemu na tupa. Mwalimu ni mama anayefundisha historia shule ya sekondari. Dalali ni kijana anayeuza vitu vya kale kwa watalii na, siku hizi, kwa wanunuzi wa ng'ambo ambao hata sura zao hazijui. Watu hawa nimewabuni. Wanayoyasema sikuyabuni.

Juu ya meza pana beji ya kofia yenye nge ndani ya gurudumu, beji nyingine ya regimenti ya Kiingereza, Msalaba wa Chuma wa Kijerumani, nyota ya shaba ya kampeni ya Burma, na kitambaa cha begani chenye kichwa cha kifaru.

DALALI: Shikamoo, mzee. Nianze mimi, kwa kuwa lawama zote zitaniangukia. Kitu nakinunua kwa mtu, nakiuza kwa mtu. Sikukitengeneza. Kama ni bandia, mwenye macho aseme.

SONARA: Marahaba. Nipe hiyo ya nge, na unipe kifudifudi. Watu hutazama uso, na uso ndio anaoupamba mwongo. Mimi nataka mgongo.

Beji nyingi za jeshi la Uingereza zilipigwa chapa. Bamba jembamba la shaba liliwekwa baina ya vyuma viwili vilivyochongwa nakshi, mashine ikagonga. Kilichoinuka mbele kimebonyea nyuma, mstari kwa mstari. Sasa tazama hii. Mgongo bapa, una mawimbi ya chuma kilichopoa. Hii imesubiwa: mtu alichukua nge mwingine, akambana kwenye kalibu, akamimina shaba ya moto. Tia lenzi hapa chini ya mkia. Vile vitundu ni hewa iliyonaswa. Na hapa kati ya miguu, mahali palipotakiwa kuwa wazi, pamechongolewa kwa tupa. Halafu chukua kalipa. Shaba ikipoa hunywea, kwa hiyo beji ya milimita 40 ikisubiwa kutoka kwenye ya asili hutoka pungufu kwa zaidi ya nusu milimita. Jicho halitaliona hilo.

DALALI: Nilikuwa nangoja ufike hapo. Huyu nge ni alama ya Long Range Desert Group, kikosi alichokiunda Ralph Bagnold mwaka 1940 kupita jangwani nyuma ya Waitaliano na, baadaye, Wajerumani. Makao yao yalikuwa Misri. Beji zilizoagizwa kwa mafundi wa Cairo hazikupitia viwanda vya Birmingham. Fundi wa sokoni alisubu, akapiga tupa, akalehemu alivyoweza. Ukisema kila kilichosubiwa ni bandia, utawatupa jalalani askari wa kweli waliovaa kazi ya fundi wa mtaani.

SONARA: Umesema kweli, nami sikatai. Vitani watu walivaa walichokipata. Lakini hebu fungua kijisanduku chako. Una wangapi wa aina hii?

DALALI: Wapo... wapo kadhaa.

SONARA: Leta mwingine. Haya, mweke kando ya mwenziwe. Unaona shimo hili dogo kwenye ukingo wa gurudumu? Na huyu analo, mahali pale pale, umbo lile lile. Na huyu wa tatu. Fundi wa Cairo hakupata bahati mbaya ile ile mara tatu. Shimo lilikuwa kwenye beji ya kwanza iliyotiwa kalibuni, likarithiwa na watoto wote.

(Hapa niingilie kidogo. Kati ya njia zote nizijuazo, hii naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji mashine wala kitabu. Inahitaji beji mbili na subira. Kikosi cha Bagnold kilikuwa kidogo, cha watu mia chache kwa wakati mmoja. Beji zake zikipatikana kwa kijisanduku, hesabu peke yake imekwisha kutoa hukumu.)

MWALIMU: Ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza bei kabla sijatazama chuma. Mwigaji hafuati historia, hufuata soko. Beji ya jeshi la huduma, iliyovaliwa na malaki ya watu, haina faida kuiga. Watu hupenda makomando, wenye miamvuli, SAS ya David Stirling iliyoanzishwa Misri mwaka 1941. Beji ya kofia ya SAS wakati wa vita ilikuwa ya kitambaa kilichotariziwa, lakini nenda sokoni uhesabu za chuma zinazouzwa kwa kiapo kwamba zilivuka jangwa la Libya.

DALALI: Mwalimu, wewe unapiga risasi mahali pamoja. Basi tumwache nge. Chukua hii ya regimenti, maana ndiyo kesi yangu kubwa. Mzee, igeuze.

SONARA: Hii imepigwa chapa. Mgongo safi. Vipimo... sawa.

DALALI: Safi, eeh? Na haina hata miaka hamsini. Vita viliisha, regimenti zikaunganishwa au zikavunjwa, lakini zile chapa za chuma hazikuoza. Zilibaki kwenye rafu za viwanda, nyingine zikauzwa, na watu wakaendelea kuzigonga kwa ajili ya wakusanyaji. Chapa ni ile ile iliyogonga beji aliyovaa babu yake mtu Ufaransa mwaka 1916. Shaba ni shaba. Sasa niambie mbele ya mashahidi: hii ni bandia?

SONARA: Tazama ulimi. Beji hizi zilichomekwa kwenye mpasuo wa kofia kwa ulimi wa shaba, nyingine zilikuwa na vikono viwili vya waya wa kupitishia pini. Mpigaji wa leo alirithi chapa; hakurithi mlehemuji. Ulimi huu umekatwa kutoka bamba nene, kingo bado kali, lehemu imetapakaa hadi kwenye nakshi. Na umegongwa jina la J.R. Gaunt. Hiyo ilikuwa kampuni ya kweli, yenye sifa, ya Birmingham. Kwa sababu hiyo hiyo jina lake limegongwa kwenye ndimi za beji ambazo kiwanda chake hakikupata kuziona.

Kisha kuna uchakavu. Askari alisugua beji yake kila siku kwa dawa ya kung'arishia shaba, na alisugua uso tu. Baada ya miaka, pua ya simba imelika, manyoya yamelainika, lakini ndani ya mabonde kumeganda ukoko wa ile dawa, mweupe au wa kijani. Mgongo umebaki na rangi yake ya uzee, isipokuwa ulimi, uliosuguliwa pande zote mbili na kitambaa cha kofia. Anayezeesha kwa amonia au kwa kufukia ardhini huzeesha kila mahali sawasawa. Mwambie anionyeshe beji iliyozeeka mgongoni kuliko usoni, na niyaone mabonde ya uso wake. Hapo tutazungumza.

DALALI: Hujanijibu. Ulimi ni mpya, nakubali. Lakini uso umetoka kwenye chapa ya asili. Ni bandia au si bandia?

MWALIMU: Nitakujibu mimi, kwa swali. Ulipoiuza ile nyingine kama hii mwezi uliopita, ulimwambia nini mnunuzi?

DALALI: Nilimwambia... ni beji ya regimenti ile.

MWALIMU: Na ya lini?

DALALI: Hakuuliza.

MWALIMU: Uliiweka kwenye sahani moja na risasi zilizookotwa kwenye uwanja wa vita wa Salaita.

(Dalali alicheka, na mimi nikajikuta upande wa Mwalimu. Kipande chenyewe hakijadanganya mtu. Kilipotoka mashineni kilikuwa shaba yenye umbo, na anayekinunua kujazia pengo katika mkusanyiko wake, akijua umri wake, hajaibiwa chochote. Uongo huingia pale anapotokea mtu na kukitilia tarehe, kwa mdomo, kwa kibandiko, au kwa kukilaza mahali pasipo pake. Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapoiuliza beji kama ni halisi. Wa kuulizwa ni yule aliyeisemea. Sonara atanipinga, na anazo sababu.)

SONARA: Nakupinga. Ulimi wenye jina la Gaunt si ukimya. Aliyeligonga jina lile alisema uongo kwa nyundo, kabla Dalali hajafungua mdomo.

MWALIMU: Hiyo nakubali, mzee. Lakini ngoja niwavuruge nyote wawili. Hii nyota ya Burma. Mnaitaka iwe ya wakati wa vita, sivyo? Nyota hizi za Waingereza hazikugawiwa wakati wa vita. Vita vikiendelea, askari alivaa utepe tu, na baadhi ya nyota hata utepe wake haukutangazwa hadi 1945. Chuma chenyewe kilianza kugawiwa mwaka 1948 hivi, watu wamekwisha kurudi kwenye mashamba yao. Na hadi leo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hutoa nishani za Vita vya Pili kwa mwenye haki ambaye hakuzichukua, au kwa warithi wake. Inayotolewa sasa ni halali kabisa, na ni mpya kabisa. Mizani yako, mzee, itasemaje?

SONARA: Itasema imetengenezwa vizuri.

MWALIMU: Basi.

DALALI: Mimi nina njia za haraka, za mjini. Taji, sumaku, na taa ya zambarau. Taji kwanza. Wafalme wa Kiingereza kuanzia 1901 walitumia taji lenye matao ya mviringo. Malkia Elizabeth akaja na lile lenye matao yaliyobonyea katikati, na beji zikabadilishwa kuanzia 1953. Kwa hiyo mtu akikuletea beji ya vita ya 1944 yenye taji lililobonyea, mwambie aende zake.

MWALIMU: Hiyo humnasa mjinga tu. Aliyegonga kwa chapa ya zamani ana taji sahihi bila kujitaabisha. Na Mfalme Charles amelirudisha taji la mviringo tangu 2022. Beji mpya za majeshi yake zinatoka viwandani zikiwa na matao kama ya babu yake.

DALALI: Sumaku, basi. Msalaba wa Chuma una moyo wa chuma cheusi uliozungukwa na fremu ya fedha, vipande vitatu vilivyolehemiwa pamoja. Bandia ya rahisi ni kipande kimoja cha aloi kilichopakwa rangi. Weka sumaku: isipong'ang'ania, ni bandia.

SONARA: Na ipo misalaba ya kweli yenye moyo wa shaba au zinki. Sumaku haitaishika, nawe utaitupa. Mimi ningetazama maungio ya fremu, na rangi nyeusi kwenye tarakimu za mwaka. Hata hivyo, Dalali, kwa Wajerumani balaa ni jingine. Wapo watengenezaji waliokuwapo wakati wa vita na wakaendelea baada yake, kama Rudolf Souval wa Vienna, na vifaa vyao vile vile. Halafu mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikapitisha sheria iliyowaruhusu maveterani kuvaa nishani zao bila swastika. Kwenye Msalaba wa Chuma mahali pake yakawekwa majani ya mwaloni. Viwanda vikapata kazi halali ya kutengeneza nishani za vita vilivyokwisha miaka kumi na miwili nyuma.

Na usisahau umaskini. Kadiri vita vilivyoendelea, Wajerumani waliikosa shaba, beji zao nyingi zikahamia kwenye zinki, na rangi ya fedha au dhahabu iliyopakwa juu ya zinki haikai. Beji ya kweli ya 1944 mara nyingi ni ya kijivu, imefubaa, ina malengelenge. Mteja hununua ile inayong'aa akaiacha hiyo. Waingereza nao kuanzia 1942 hivi walivalisha majeshi beji za plastiki, za kahawia na za kijivu, zenye vikucha vya shaba nyuma. Ukimwonyesha mtu asiyejua atakwambia ni mchezo wa watoto.

MWALIMU: Sisi tunao mfano wa nyumbani, ingawa ni sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki, bahari imefungwa na manowari za Kiingereza, walifungua karakana ya sarafu kwenye viwanda vya reli vya Tabora. Heller ishirini za shaba walizogonga pale ni kazi ya vurugu: chapa zimepasuka, herufi hazilingani. Ukikutana na ya Tabora iliyonyooka kila upande, ishuku.

DALALI: Na taa? Kitambaa hiki cha kifaru nilikimulika kwa taa ya zambarau gizani. Hakikuwaka. Nyuzi za kisasa huwaka buluu.

MWALIMU: Huwaka kwa sababu ya ving'arishaji vya kikemikali vilivyoenea katika nguo na sabuni baada ya vita. Lakini mke wa askari akikifua kitambaa cha 1944 kwa sabuni ya unga ya mwaka 1975, kitawaka vilevile. Na mwigaji akishonea nyuzi za pamba kuukuu, hakitawaka. Taa inakwambia kitambaa kimekutana na nini, haikwambii kimezaliwa lini.

SONARA: Choma uzi mmoja. Pamba hugeuka majivu. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu, na nyuzi za poliesta, ingawa Waingereza wawili walizivumbua mwaka 1941, hazikuingia madukani hadi miaka ya hamsini.

MWALIMU: Hutachoma kitu hapa, mzee, samahani. Hiki ni kifaru cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndani yake walikuwamo keya, askari wa King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walifanya mazoezi Ceylon, wakaingizwa Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya Burma, wakafika mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Vitambaa vya namna hii vingine vilichapwa kwa wino, vingine vilishonwa na mafundi cherehani wa huko huko, kila mmoja na kifaru wake. Kimoja kina pembe ndefu, kingine kama nguruwe. Ukitafuta kipimo kimoja cha kuvihukumu vyote, hutakipata.

DALALI: Basi nimpe nini mteja? Nyota hii nimeinunua Kilifi, kwa familia ya keya. Nikiitia jina la mzee wao, bei inapanda mara tatu.

SONARA: Usiguse! Kuna jambo la ukingo nataka mlisikie. Nishani ya fedha ya Waingereza ya Vita vya Kwanza, ya milimita 36, ilitolewa zaidi ya milioni sita, na ukingoni mwa kila moja paligongwa namba, cheo, jina na kikosi. Hapo ndipo hila ilipo. Mtu hupiga tupa ukingo mpaka jina la askari wa kawaida linafutika, kisha huchonga jina la aliyekufa siku maarufu. Pima kipenyo chake mara tatu, kila mara mahali tofauti. Iliyopigwa tupa hupungua, tena haipungui sawasawa. Halafu tazama herufi: za asili zimegongwa, zina kina kimoja; za kuchonga zina mkwaruzo wa kisu. Mwaka 1980, fedha ilipopanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi kwa ule ununuzi wa ndugu wa Hunt wa Texas, nishani hizi nyingi sana ziliyeyushwa kwa uzito wake tu, majina na yote. Askari wale wamekwisha kupotea vya kutosha. Tusiwazidishe kwa tupa.

MWALIMU: Na nyota za Vita vya Pili, Waingereza hawakuziandika majina kabisa. Waafrika Kusini, Waaustralia na Wahindi waliandikiwa na serikali zao. Keya wa Kilifi alipewa nyota tupu, sawa na mzungu wa London. Kwa hiyo nyota yenye jina la keya imechongwa baadaye na mtu mwingine. Huenda ni mwanawe aliyempenda, huenda ni dalali aliyependa bei. Chuma hakitakwambia ni yupi. Kitakachokwambia ni cheti cha kuachishwa jeshi, chenye jina, namba na batalioni. Familia walikuwa nacho?

DALALI: Walikuwa nacho. Sikukichukua. Kimeliwa na mende pembeni, hakina uzuri wa kuuza.

SONARA: Lahaula!

MWALIMU: Rudi ukaombe angalau picha yake. Kisha andika kibandiko hivi: "Nyota ya Burma. Imepigwa chapa. Haina jina, kama zilivyotolewa kwa askari wa Afrika Mashariki. Imenunuliwa kwa familia, Kilifi. Nakala ya cheti cha kuachishwa jeshi ipo. Mwaka wa kutengenezwa haujulikani."

DALALI: Mteja akisoma "haujulikani" anaondoka.

SONARA: Tia na uzito na vipimo, atakaa. Wanunuzi wanaojua huamini namba kuliko machozi.

DALALI: Na ya regimenti?

MWALIMU: "Imepigwa baada ya vita kwa chapa ya zamani. Ulimi na jina la kiwanda si vya asili."

DALALI: Itashuka hadi robo ya bei.

MWALIMU: Ndiyo bei yake.

DALALI: Haya, hizo mbili nitaziandika. Nge simwandiki. Nikiandika ukweli wake hakuna atakayemchukua.

MWALIMU: Nipe mimi, wale watatu wenye shimo moja. Wanafunzi wangu wawagundue wenyewe.

DALALI: Mia tano kila mmoja, kwa kuwa ni wewe.

SONARA: Mia. Shaba iliyomo haifiki hata hamsini, na tupa alipigiwa na mtu asiyejua kuishika.